Ritriti ya kuandika: Lushoto, Peramiho, Lamu, Kampala au Marekani, ipi inakufaa wewe?

Karibu kila anayeandika ukikaa naye atakwambia anataka "kwenda sehemu tulivu amalize kitabu", yaani ritriti, ukimuuliza sehemu gani anasema popote tu, hata Zanzibar. Zanzibar sio popote jamani, Zanzibar ni bei ya dola. Shida ni kwamba watu wanachagua kwa picha, na picha inaonesha meza, dirisha, bahari na kikombe cha kahawa, haioneshi bili wala jenereta la hoteli ya jirani likiunguruma usiku kucha.

Mi ningeanza na swali moja kabla ya kuangalia picha yoyote: saa hizi kinachokukwamisha ni nini hasa? Kuna anayekosa muda. Kuna mwenye muda ila nyumba ina watu tisa na redio mbili. Kuna mwenye muda na utulivu ila hana mtu wa kumsomea alichoandika akamwambia ukweli, na kuna ambaye angeweza vyote hivyo ila akiacha kibarua wiki tatu nyumbani hawali. Hao wanne ukiwapeleka sehemu moja, mmoja tu ndo atarudi amefurahi.

Na kwa sisi tunaoandika Kiswahili kuna jambo la tano, muswada wako uko kwa lugha ambayo kamati nyingi za huko mbali haziisomi. Hilo linageuza hesabu sana, nitalifikia.

Za bure za Marekani na Uingereza

Ya kwanza watu wanayoitaja ni MacDowell, iko Peterborough, New Hampshire, ipo tangu 1907. Hulipii kulala wala kula. Unapewa kibanda chako msituni, mchana kikapu cha chakula kinaachwa mlangoni ili mtu asikukatishe, jioni ndo mnakaa meza moja. Kwenye vibanda kuna vibao vya mbao ambavyo kila aliyepita pale amesaini jina lake, kwa hiyo unakaa kuandika majina ya watu wa zamani yanakuangalia, wengine inawapa nguvu na wengine inawatisha. Yaddo iko Saratoga Springs, New York, inapokea wageni tangu 1926, na wao kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni ni kimya, humgongei mtu mlango. Hawthornden ni kasri la zamani huko Scotland karibu na Edinburgh, unakaa mwezi, mchana napo kimya, na ni waandishi watupu, wakati MacDowell na Yaddo unachanganyika na wachoraji na watunzi wa muziki. Hedgebrook ni ya wanawake, iko kisiwa cha Whidbey jimbo la Washington, ilianza 1988, nyumba ndogo sita, kila moja na jiko lake la kuni la kuotea moto, na jioni mnakula pamoja mboga zilizotoka shambani palepale.

Ukiziweka pamoja, zote hizo zinatibu ugonjwa mmoja, kukosa muda. Zinakuondolea sehemu kubwa ya kupika na usumbufu wa nyumbani. Ila kama umekulia nyumba ya watu wengi na umezoea kuandika huku tivii inaongea na watoto wanapita, kimya cha msituni New Hampshire mwezi mzima kinaweza kukuvuruga badala ya kukusaidia, sisemi kukutisha, kuna watu wanahitaji sauti kidogo ndo kichwa kifanye kazi. Ukiwa hivo, kati ya hizo nne jaribu Hedgebrook kama ni mwanamke, kwa sababu ya ile meza ya jioni ya watu wachache ambapo mtazungumza kazi, kuliko Hawthornden ambako mchana kutwa ni wewe na kuta za mawe.

Iowa ni habari nyingine kabisa na watu wanaichanganya na hizi. Ule mpango wa kimataifa wa waandishi wa Chuo Kikuu cha Iowa ulianza 1967, unakusanya waandishi wa nchi nyingi tofauti kwa wiki kadhaa msimu wa vuli, kuna mihadhara, kusoma kazi mbele ya watu, safari. Pale unaenda kuonekana na kujuana na watu. Ukienda na wazo la kumaliza riwaya utasikitika. Kwa miaka mingi hela kubwa ilitoka wizara ya mambo ya nje ya Marekani, 2025 wizara ikakata ruzuku na nafasi zikapungua sana, kwa hiyo ukisikia mtu anasema "mbona rafiki yangu alienda kirahisi", muulize alienda mwaka gani.

Sasa viza. Ombi la viza ya kawaida ya kutembelea Marekani ni dola 185 na hairudishwi hata ukinyimwa. Kwa Watanzania Oktoba 2025 ikaja na ile dhamana, afisa aliweza kukutaka uweke dola 5,000 mpaka 15,000 ndo upewe viza ya matembezi au biashara, unarudishiwa ukiondoka kwa wakati, na Januari 2026 Marekani ikasitisha viza hizo kwa Watanzania wengi. Yaani kitanda ni bure ila kufika kwenye hicho kitanda kunahitaji hela ya kununulia kiwanja. Sheria hizi zinageuka haraka, angalia zilivyo wiki unayojaza fomu, usitegemee stori za mwaka jana. Kuna sehemu zinasaidia nauli kwa asiye na uwezo, MacDowell ni mojawapo, ila za dhamana sijaona wa kukubebea.

Na lugha. Kamati inakuhukumu kwa kurasa chache za sampuli, kurasa hizo wanazisoma kwa Kiingereza. Kama umeandika Kiswahili unahitaji tafsiri nzuri, na nzuri namaanisha ya mtu anayejua kuandika, sio ya mashine wala ya binamu aliyesoma Uingereza. Ushauri wangu usitafsiri mwanzo wa kitabu kwa sababu tu ni mwanzo, chukua sura inayosimama peke yake, ambayo msomaji asiyejua mkole ni nini wala kigodoro ni nini bado ataishika. Tafsiri ya namna hiyo inachukua miezi, kwa hiyo anza kabla dedilaini haijatangazwa. Kama muswada ndo kwanza uko nusu na hujui unaishaje, kiukweli achana na Marekani kwa sasa.

Za huku Afrika: Ebedi na Kampala

Ebedi iko Iseyin, jimbo la Oyo, Nigeria, mji unaojulikana kwa kufuma vile vitambaa vya aso-oke. Aliianzisha Wale Okediran, daktari na mwandishi, mwaka 2010. Wanakaa waandishi watatu hivi kwa wakati mmoja, wiki sita, malazi bure, na wageni huwa wanatumia muda kidogo na wanafunzi wa sekondari wa mjini kuwafundisha kuandika. Hilo la mwisho wengine wanaliona usumbufu, mi naona ni jambo zuri, wiki sita ukiongea na kichwa chako tu sio afya. Ukilinganisha na MacDowell ni mazingira ya kawaida, mji wa watu, joto, umeme wa Nigeria unajua mwenyewe, ila hakuna anayekuona kituko ukitoka kununua vocha.

Nauli ndo inayouma. Kutoka Dar au Nairobi mpaka Lagos, ukikadiria tiketi utashangaa inapita tiketi za kwenda Dubai.

FEMRITE ya Kampala ni umoja wa waandishi wanawake wa Uganda, ulianzishwa 1996, na tangu 2008 wamekuwa wakiendesha ritriti za wanawake waandishi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Hapa kuna kitu MacDowell hawana: unakuwa na walezi wanaosoma kazi yako na kukaa na wewe mstari kwa mstari. Kwa aliye Mwanza, Bukoba, Kisumu au Kigali unaenda kwa basi, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haombi viza. Kama wewe ni dada ambaye shida yake ni kukosa msomaji wa kweli, hii naiweka juu ya zote nilizotaja mpaka sasa, hata kama haina picha nzuri. Wanaume poleni.

Kwenye kundi hilohilo zipo warsha kama ile ya Tuzo ya Caine, tuzo ya hadithi fupi za Kiafrika, imekuwa ikizunguka nchi za Afrika tangu 2003, Tanzania ilifika 2017 na Rwanda 2018. Kama wiki moja na nusu, kundi dogo, na unatakiwa utoke na hadithi fupi iliyokamilika. Kali, ina presha, na ni Kiingereza. Inamfaa mtu anayeahirisha ahirisha, haimfai mwenye riwaya ya kurasa mia nne.

Za kulipia: Zanzibar na Lamu

Kwenye hizi sitauma maneno. Nyingi zimetengenezwa kwa mtu wa Ulaya aliye likizo, yoga asubuhi, mazoezi ya kuandika saa mbili, supu ya maboga, machweo, halafu mnasomeana. Bei ni kwa dola au euro na wiki moja inaweza kumeza mishahara ya miezi ya mwalimu. Hakuna ubaya, ila jua unanunua likizo yenye daftari ndani yake. Mwalimu anayeongoza hajui Kiswahili, kwa hiyo sehemu ya kusomeana, ambayo ndo imebeba nusu ya bei, kwako haina kazi.

Ukitaka pwani jitengenezee mwenyewe, na uitake kwa sababu ya kitabu chako, sio kwa sababu ya bahari. Riwaya yako ina majahazi? Nenda Lamu, kijiji cha Matondoni wanaunda majahazi mpaka leo, utakaa na fundi akupe majina ya kila ubao ambayo kamusi haina. Unaandika habari za Mapinduzi au za enzi za Sultani? Lala Mji Mkongwe kwenye gesti ya kawaida, asubuhi uko Nyaraka za Taifa pale Kilimani, mchana unaandika. Kwa kazi ya namna hiyo hakuna msitu wa New Hampshire utakaokusaidia.

Lamu na Zanzibar zinatofautiana kelele. Lamu mjini magari karibu hakuna, punda na boti, usiku unasikia adhana na mawimbi na paka wakipigana. Ila siku za Maulidi mji unafurika, vyumba hamna na hutaandika kitu, labda hayo Maulidi yenyewe ndo unayaandika. Zanzibar inategemea kijiji, Nungwi na Kendwa ni muziki, Kendwa kuna lile tamasha la mwezi mpevu kila mwezi, epuka kabisa. Jambiani na Makunduchi pametulia zaidi. Masika, yaani Machi mwishoni mpaka Mei, bei zinashuka na wageni wanaondoka, kuna hoteli zinafungwa, mvua inapiga bati kutwa, kwangu huo ndo msimu wa kuandika. Ramadhani napo fikiria mapema, mchana migahawa ya mtaani imefungwa, kama hufungi panga chakula na mwenyeji wako na usitafune barabarani.

Za masista na mapadri, ambazo hakuna anayeziposti

Hapa ndo roho yangu ilipo. Nchi hii imejaa hosteli na nyumba za wageni za makanisa, safi, bei ya gesti ya kawaida au chini, chakula kwa saa maalum, na hakuna baa ukutani. Si lazima uwe muumini wao. Nitalinganisha mbili ambazo naona ni tofauti kabisa.

Lushoto kwanza. Unashuka na basi la Dar, linaiacha barabara kuu Mombo, halafu kilomita kama 33 za kona za kupanda Usambara. Baridi ya Juni na Julai ni ya kweli, beba sweta nzito na soksi, vidole vikiganda huwezi kutaipu. Kuna hosteli za masista na za Walutheri, kuna shamba la Irente ambako wanatengeneza jibini, mkate na jamu, kwa hiyo hata kifungua kinywa kinakupa sababu ya kuamka. Uzuri wa Lushoto ni kutembea, ukikwama kwenye sura unatoka nje unatembea saa moja milimani ukirudi umeshajua mhusika anafanya nini. Ubaya ni kwamba ni karibu na Dar na Tanga, wikendi vinakuja vikundi vya semina na harusi na vipaza sauti, na rafiki zako wakisikia uko Lushoto watakuja "kukusalimia". Nenda Jumapili jioni utoke Ijumaa, au usimwambie mtu.

Peramiho ni kinyume chake. Abasia ya Wabenediktini karibu na Songea, ipo tangu 1898, na Ndanda kule njia ya Masasi ni ya ndugu zao, 1906. Kwa kanuni yao mgeni anapokelewa kama Kristo mwenyewe, kwa hiyo wana nyumba za wageni tangu zamani. Mbali sana, hakuna atakayekuja kukusalimia. Kinachofanya kazi pale ni kengele. Kengele ya sala alfajiri, ya mchana, ya jioni, chakula kwa saa ileile kila siku, na hata kama huendi kanisani mwili unajipanga wenyewe: kati ya kengele hii na ile nimalize ukurasa. Mtu asiye na nidhamu ya muda, mfano anayeamka saa nne akaanza kuchati, pale atapona zaidi ya Lushoto ambako uko huru mno. Jambo dogo la pembeni, Ndanda na Peramiho zina mitambo ya uchapaji ya miaka mingi, kuna vitabu vingi vya Kiswahili ukifungua kurasa za mwanzo utakuta majina hayo, kwa hiyo sio sehemu ngeni kwa vitabu.

Wakenya mna Limuru na Tigoni, nyumba za ritriti katikati ya mashamba ya chai, karibu sana na Nairobi. Tahadhari ni ileile ya Lushoto, wikendi ni makongamano.

Jambo jingine ambalo kina dada watanielewa: mwanamke akichukua chumba gesti ya mjini peke yake wiki nzima, mapokezi wanaanza kumtazama na wateja wa baa wanaanza kugonga mlango. Kwa masista geti linafungwa mapema na hakuna maswali. Kwa hilo tu zinazishinda gesti nyingi za bei hiyo.

Kinachokosekana huko ni msomaji. Hakuna wa kukwambia sura ya tatu imelala. Kwa hiyo nenda wawili, mtu mwenye muswada wake, vyumba tofauti, mchana hamuongei, usiku baada ya kula kila mmoja anasoma kurasa zake. Hapo umepata nusu ya FEMRITE kwa nauli ya basi.

Na kubaki nyumbani je?

Iwekwe kwenye mzani nayo. Miles Morland Foundation, mfuko wa hisani wa Uingereza, imekuwa ikiwapa waandishi wa Kiafrika pauni 18,000 wakae kwao mwaka mzima waandike, sharti moja kubwa ni kutuma maneno 10,000 kila mwezi. Ni kwa Kiingereza, sawa, ila angalia hiyo hesabu: ni maneno kama 330 kwa siku, ukurasa mmoja na kidogo. Mtu mwenye kibarua anaweza kuyatoa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Siku kumi Lushoto ukiandika elfu moja kwa siku, ambayo kwa wengi ni nyingi, umepata kilekile cha mwezi mmoja wa nyumbani. Kwa hiyo kama kwa siku unaweza kupata hata muda wa saa moja wa kuandika nyumbani, ritriti usiitumie kuandika rasimu, itumie kwa kazi ambayo haiwezi kukatwa vipande, kusoma muswada wote kwa siku mbili mfululizo na kupanga upya sura. Hiyo nyumbani haiwezekani kabisa.

Kama nyumbani hata hiyo saa moja hamna, kuna maktaba. Dar kuna Maktaba Kuu ya Taifa, ipo tangu 1967, Nairobi kuna McMillan ya 1931. Ada ndogo, meza, watu wananong'ona. Jioni unarudi kwako na umeme wako na watoto wako.

Basi mimi ningegawa hivi, ubishi unaruhusiwa. Rasimu ya kwanza ya Kiswahili, hela kidogo: Peramiho au Ndanda kama huna nidhamu, Lushoto kama unayo. Una rasimu ila hujui kama ni nzuri: Kampala, au Lushoto na mwenzako. Kitabu cha utafiti: Mji Mkongwe au Lamu, nje ya msimu. Muswada umeisha, una tafsiri nzuri na pasipoti ina muda: hapo jaza za nje, na usijaze moja, jaza tatu. Unayetaka kushindania Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu au ile ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, anza na tarehe ya mwisho ya tuzo urudi nyuma, ritriti iwe kama miezi miwili kabla, sio wiki ya mwisho ambapo utakuwa unarekebisha koma huku unatetemeka.

Na kabla hujatuma hela ya chumba popote pale, piga simu, meseji hazitoshi. Uliza kama kuna meza na kiti chenye mgongo, sio stuli ya plastiki. Chakula ni mara ngapi na saa ngapi, maana ukianza kutafuta chipsi mayai kila jioni umepoteza masaa mawili. Umeme ukikatika wana nini. Mtandao gani unashika, na kama huwa unapotelea kwenye simu tafuta chumba usikoshika. Mwisho uliza wiki hiyo nani mwingine kabukingi, wakikwambia kuna semina ya vijana mia na hamsini, sogeza tarehe.